Altın Gün: Bendi ya Amsterdam na nyimbo ambazo Uturuki haikuzisahau

BENDI ya Altın Gün, yenye makao yake jijini Amsterdam, Uholanzi, imejipatia sifa Ulaya na Marekani kwa kupiga nyimbo za vijijini vya Uturuki kwa gitaa za umeme, vinanda na midundo ya roki. Aliyeiasisi mwaka wa 2016 ni Mholanzi, Jasper Verhulst, mpigaji wa gitaa la besi.

Verhulst alikuwa amezuru Istanbul akiwa katika kikosi cha mwanamuziki mwenzake, Jacco Gardner, na huko akavutiwa na santuri za Kituruki za miaka ya sitini na sabini. Aliporejea nyumbani alitumia mtandao wa Facebook kuwasaka Waturuki wa kuimba naye. Waliojitokeza ni Merve Daşdemir, binti wa Istanbul, na Erdinç Ecevit, aliyelelewa Uholanzi katika familia yenye asili ya Kituruki, ambaye aidha hupiga kinanda na saz.

Jina la bendi lina maana ya siku ya dhahabu. Kwa sikio la Mturuki, hilo hukumbusha pia mikutano ya akina mama ambao hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wakanywa chai na kumpa mwenyeji sarafu za dhahabu, kisha zamu ikamwendea mwingine. Msomaji wa Mombasa atautambua upatu. Wa Nairobi ataita chama.

Saz ndiyo roho ya muziki huu. Ni ndugu wa mbali wa udi wanaoujua wapenzi wa taarab, ila shingo yake ni ndefu na nyembamba, na vigawanyo vya sauti vimefungwa kwa uzi shingoni. Baadhi ya vigawanyo hivyo hutoa sauti zilizo katikati ya zile za gitaa la kawaida. Kwa hiyo, anayetaka kuoanisha saz na gitaa hana budi kuchagua: ama gitaa linyamaze mahali fulani, ama wimbo upoteze ladha yake.

Tatizo hilo liliwashughulisha vijana wa Uturuki mapema. Mnamo 1965 gazeti la Hürriyet lilianzisha mashindano ya Altın Mikrofon, yaani Kipaza Sauti cha Dhahabu, yaliyoendelea hadi 1968. Sharti lilikuwa nyimbo ziwe za Kituruki, lakini zipigwe kwa ala za Kimagharibi. Kutokana na vuguvugu hilo walivuma Cem Karaca, Barış Manço na kundi la Moğollar. Erkin Koray, aliyefariki 2023, hutajwa miongoni mwa waliotangulia kuitia saz umeme. Muziki wao uliitwa Anadolu pop, kisha Anadolu rock, kwa jina la Anatolia, bara la Uturuki walikotoka washairi wake wa kuimba. Mmoja wa washairi hao ni Aşık Veysel, aliyepofushwa na ndui utotoni na kufariki 1973. Mwingine ni Neşet Ertaş, aliyefariki 2012, ambaye nyimbo zake zimo katika albamu za Altın Gün.

Mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 12, 1980 yaliukata muziki huo koo. Karaca, aliyekuwa Ujerumani, alivuliwa uraia mwaka wa 1983 na hakurejea nyumbani hadi 1987. Selda Bağcan, mwanamke aliyeimba dhiki za maskini kwa sauti kali, alitiwa gerezani mara tatu kati ya 1981 na 1984. Albamu yake ya 1976 ilitolewa upya Uingereza mwaka wa 2006, na ndipo vijana wa Magharibi wakaanza kuzichakura santuri hizo kama waliogundua hazina.

Hapa ndipo neno “kufufua”, ambalo wanahabari wengi hulitumia kuihusu Altın Gün, linapohitaji kutazamwa upya. Kinachofufuliwa ni kilichokufa. Nyimbo za Ertaş hazijawahi kukoma kuimbwa harusini, na Bağcan alirejea jukwaani zamani. Waturuki waliohamia Uholanzi baada ya mkataba wa ajira wa 1964 walikwenda na nyimbo zao, nao watoto wao wakazikuta nyumbani. Waliokuwa hawazijui ni majirani zao Wazungu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuidunisha bendi hii. Sikiliza Gesi Bağları katika albamu ya Gece ya 2019. Ni kilio cha kale cha eneo la Kayseri, cha mwanamke aliye mbali na mamaye. Mashabiki wasioelewa neno huucheza wimbo huo. Anayeelewa anaweza kucheza na kulengwa na machozi papo hapo. Kinachokosekana ni makali ya kisiasa ya kina Karaca, na pengo hilo huonekana.

Gece iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya muziki wa dunia, lakini Januari 2020 ushindi ukamwendea Angélique Kidjo wa Benin, kwa albamu iliyotafsiri upya nyimbo za Celia Cruz wa Cuba. Albamu ya kwanza ya bendi ilikuwa On (2018). Yol (2021), iliyotayarishwa wakati wa janga la korona huku wanamuziki wakitumiana vipande vya kazi, iliegemea vinanda vya elektroniki. Aşk (2023) ikarejesha mlio wa watu wanaopiga pamoja chumbani.

Daşdemir aliihama bendi mwaka wa 2024, na mzigo wa uimbaji ukamwangukia Ecevit.