Ngoma Isiyo na Nyumba

Biharwe, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Mbarara, kuna makumbusho ya Igongo yanayohifadhi vyombo vya kale vya Wanyankole. Kusini mwa Mbarara, wilayani Isingiro, kuna Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Mafunzo ya ngoma, uchoraji na maigizo kwa watu waliopoteza makwao mara nyingi huelezwa kama burudani ya kusahaulisha shida. Insha hii inadai kwamba maelezo hayo yanaianza historia katikati. Tuchukue mfano wa ngoma.

Katika ufalme wa Nkore, ngoma iitwayo Bagyendanwa ilikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake. Watu waliipelekea sadaka, na mfalme alipata uhalali wake kwayo. Mwaka 1967 serikali ya Obote ilifuta falme zote za Uganda. Mwaka 1993 falme nyingine zilirudishwa, lakini Ankole haikurudishwa. Kwa hiyo watu wa Mbarara wanajua maana ya ngoma kukosa nyumba.

Burundi ilipitia njia kama hiyo. Ngoma ya kifalme, Karyenda, ilitunzwa na koo maalumu, na ilipopigwa ilitangaza mwanzo wa msimu wa kupanda mtama. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini wapigaji hawakuacha kupiga. Mwaka 2014 UNESCO iliutambua upigaji huo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka uliofuata mgogoro wa kisiasa uliwakimbiza maelfu ya Warundi, na baadhi yao walifika Nakivale. Mwaka 2017 amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo, na vikundi vikatakiwa kuomba kibali. Amri hiyo haivuki mpaka. Hivyo binti wa Kirundi aliye ukimbizini anaweza kuvishika vijiti vya ngoma alivyokatazwa dada yake aliyebaki nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba njaa haisikilizi ngoma. Ni kweli, wala ngoma haiwezi kuwa badala ya posho ya chakula. Lakini mtoto aliyezaliwa Nakivale hajawahi kuiona Gitega, na anachojua kuhusu kwao ni kile wazee walichokibeba kichwani na mikononi.

Kwa hiyo, anayeandaa mradi wa sanaa asidhani kwamba anawaletea sanaa watu wasio nayo. Kwanza awaulize wazee ngoma hii ilikuwa ya nani, na awaulize mabinti kama wanataka kuipiga. Majibu ya pande hizo mbili huenda yasilingane. Hata hivyo, mjadala huo ni wao wenyewe, na ni sehemu ya historia yao inayostahili kuandikwa kabla wazee hawajaondoka.