Ardhi ya Chai na Mwaka wa Kuanza Kuhesabu

Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka mipaka ya wakati kwa kila anayedai kuwa alidhulumiwa ardhi. Dhuluma ya kihistoria ni ile iliyotendeka kati ya tarehe 15 Juni 1895, Uingereza ilipoitangaza Afrika Mashariki yake kuwa himaya, na tarehe 27 Agosti 2010, katiba mpya ya Kenya ilipozinduliwa. Mkataba ambao Kenya na Uingereza zilitia saini tarehe 13 Septemba 1999, kulinda mitaji ya watu wa kila upande, hautazami huko nyuma. Unamlinda mwenye mali aliyepo dhidi ya serikali iliyopo. Ni nani aliyekuwa akilisha ng'ombe kilimani kabla ya miche ya chai kufika, mkataba hauna kifungu cha kuuliza.

Tofauti hiyo ya kalenda ndiyo kiini cha ugomvi wa ardhi ya chai katika kaunti za Kericho na Bomet. Wanasheria wa kimataifa hulieleza jambo hili kuwa ni kupatanisha haki mbili: haki ya mwekezaji kutopokonywa alichowekeza, na haki ya dola kutunga sheria kwa manufaa ya umma. Ni kweli. Lakini kabla ya kupatanisha, mtu huamua ataanza kuhesabu mwaka gani, na mwaka huo ukishachaguliwa jibu huwa karibu limekwisha kupatikana.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilimpa mtawala wa himaya uwezo wa kuuza na kukodisha ardhi ambayo hakuwahi kuinunua kwa mtu. Sheria ya 1915 ilikwenda mbali zaidi: ardhi waliyokalia Waafrika nayo ikahesabiwa kuwa ya Taji, na mlowezi akaruhusiwa kukodishiwa kwa miaka 999. Ardhi ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, ilikuwa na mvua ya mwaka mzima, udongo mwekundu wenye kina na baridi ya mwinuko. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari zipatazo 25,000 zilitengewa maofisa wa jeshi la Uingereza waliorudi na ulemavu, ili wapande kitani. Bei ya kitani ilianguka na mradi ukafa ndani ya miaka michache.

Hapo ndipo historia ya mji wa Kericho ilipochukua mkondo wake. Sababu iliyotolewa ya kuichukua ardhi, yaani kuwatunza askari walioumia vitani, ilikuwa imekwisha. Serikali inayojali ingeweza kuirudisha kwa wenyewe. Badala yake, katikati ya miaka ya 1920, ardhi hiyo iliingia mikononi mwa Brooke Bond na James Finlay, ya pili kupitia African Highlands Produce Company, na chai ikaanza kupandwa kibiashara. Miaka 999 ikawa mali ya kampuni.

Waliopinga walishughulikiwa kwa sheria pia. Ukoo wa Talai ndio uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis na Wanandi. Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliuawa kwa risasi na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Uingereza, mwaka 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Kipchomber arap Koilegen wa Wakipsigis alihamishwa mwaka 1914 na akafia uhamishoni. Kisha mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Watalai, na mamia yao, wazee na watoto, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa malaria na mbung'o. Walikaa huko mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliporudi, wengi hawakukuta hata kiwanja cha kujenga nyumba, na wapo wajukuu wao wanaoishi hivyo hadi leo pembezoni mwa mji wa Kericho.

Sasa chukua kipimo cha mikataba ya kisasa ya uwekezaji ukipime kisa hicho. Kifungu cha utaifishaji, kwa maneno yanayokaribiana katika mikataba mingi, kinasema mali ya mwekezaji isichukuliwe ila kwa manufaa ya umma, bila ubaguzi, kwa kufuata utaratibu wa sheria, na kwa fidia ya haraka, ya kutosha na inayoweza kutumika. Ardhi ya Kericho ilichukuliwa kwa msingi wa rangi. Manufaa yaliyotajwa hayakudumu hata miaka mitano. Utaratibu ulikuwa amri ya mtawala. Familia ya Kipsigis ya mwaka 1919, kama ingekuwa na hadhi anayopewa mwekezaji wa leo, ingeshinda kesi hiyo bila taabu. Kanuni zenyewe ni nzuri. Zilichelewa kuandikwa, na zilipoandikwa zikaandikwa kwa ajili ya aliyekwisha kupata.

Uhuru wenyewe ulikuja na masharti. Katiba ya 1963 ililinda mali binafsi. Mwaka 1964 Bunge likapitisha Sheria ya Kulinda Uwekezaji wa Kigeni, na tangu Februari 1967 Kenya ni mwanachama wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulinunua mashamba mchanganyiko ya walowezi na kuyagawa. Mashamba makubwa ya chai hayakuguswa.

Sitaki kuwadharau waliofanya uamuzi huo. Yaliyotokea Uganda baada ya 1972 yaliwapa hoja: Waasia walifukuzwa, kampuni za Waingereza zikachukuliwa, na mashamba ya chai ya magharibi mwa nchi hiyo yakageuka vichaka. Kenya ilibaki na viwanda, mnada wa Mombasa na nafasi yake ya mbele duniani katika kuuza chai nyeusi. Wakulima wadogo waliokusanywa chini ya KTDA tangu 1964, wakiwemo wa Litein na Konoin, walijifunza zao ambalo wakati wa ukoloni lilikuwa limehodhiwa na walowezi. Ulinzi wa uwekezaji una faida zake, na anayekana hilo hajawahi kutazama kiwanda kilichokufa.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogusa kwanza miaka 999. Ibara ya 65 inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Na kampuni haihesabiwi kuwa raia isipokuwa hisa zake zote ni za raia. Jedwali la Sita likabadilisha ukodishaji wote wa wasio raia uliokuwa mrefu zaidi ya hapo kuwa wa miaka 99. Karne tisa zilifutwa kwa sentensi moja, bila fidia, na chai ikaendelea kuchumwa siku iliyofuata. Nataja hili kwa sababu maofisa wetu husema mara nyingi kwamba mikono ya Kenya imefungwa na mikataba. Lakini miaka hiyo 99 inahesabiwa kutoka 2010, si kutoka siku kampuni ilipoingia. Kwa hiyo mtu wa Kericho anayesubiri muda uishe ataangalia mwaka 2109.

Mwaka 2019, tarehe 1 Machi, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilichapisha katika Gazeti Rasmi uamuzi wake juu ya madai ya kaunti hizi mbili. Ilipendekeza mashamba yapimwe upya, kodi ziongezwe, ukodishaji usihuishwe bila ridhaa ya kaunti, na Uingereza iombe radhi. Kampuni zilikwenda mahakamani kupinga, kama ilivyo haki yao. Wenyeji nao walitafuta mlango nje ya nchi: wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliandikia serikali ya Uingereza mwaka 2021, na Agosti 2022 Watalai na Wakipsigis wakapeleka kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alizungumzia majuto juu ya ukatili wa enzi ile. Ombi rasmi la radhi halikutolewa.

Je, Kenya ikitekeleza mapendekezo ya aina hiyo itashitakiwa ICSID? Huenda. Ila kumbukumbu ya kesi zake haitishi kama inavyosemwa. Katika kesi ya World Duty Free iliyoamuliwa Oktoba 2006, mwekezaji alishindwa kwa sababu mkataba wake ulipatikana kwa hongo aliyopewa Rais Moi. Kesi ya Cortec inatuhusu zaidi. Kampuni hiyo ilipewa leseni ya kuchimba madini Mrima Hill, Kwale, mahali penye msitu wa hifadhi na kaya ya Wadigo, bila tathmini halali ya mazingira. Serikali ikaifuta leseni mwaka 2013. Kampuni ilidai zaidi ya dola bilioni 2 chini ya mkataba uleule wa 1999 na Uingereza. Oktoba 2018 jopo lilisema halina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo: leseni iliyopatikana kinyume cha sheria za nchi za kulinda mazingira si uwekezaji unaostahili ulinzi. Jaribio la kuubatilisha uamuzi huo lilishindwa mwaka 2021.

Tusijidanganye kwamba Cortec inafungua mlango wa Kericho moja kwa moja. Leseni ya Mrima ilikuwa haramu siku ilipotolewa. Hati za Kericho zilikuwa halali kwa sheria ya siku ile, na ubaya ulikuwa ndani ya sheria yenyewe. Kwa hilo inabidi kutazama kwingine, na nchi mbili zinatoa majibu yanayopingana.

Ya kwanza ni Paraguay. Jamii ya wenyeji ya Sawhoyamaxa ilidai ardhi ya mababu iliyokuwa mikononi mwa Mjerumani. Serikali ikajitetea kwamba mkataba wa uwekezaji na Ujerumani unaizuia kuirudisha. Machi 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilikataa utetezi huo. Mkataba, ilisema, hauzuii kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma na kulipa fidia, na kurudishia jamii ardhi yake ni manufaa ya umma. Tena mikataba ya biashara haina budi kutekelezwa kwa namna inayopatana na wajibu wa haki za binadamu.

Ya pili ni Zimbabwe. Familia ya von Pezold, yenye uraia wa Ujerumani na Uswisi, ilifungua kesi ICSID baada ya mashamba yake kuvamiwa na kuchukuliwa. Machifu wa jamii nne za Chimanimani, ambao ardhi ya mababu zao ilikuwa ndani ya mashamba hayo, waliomba wasikilizwe tu. Hawakuomba kuwa wadai. Juni 2012 jopo lilikataa ombi lao, na mwaka 2015 likaamuru ardhi irudishwe kwa familia hiyo pamoja na mamilioni ya dola. Ni kweli serikali ya Mugabe ilivunja sheria waziwazi na kwa ubaguzi, na haikustahili kushinda. Lakini waliokatazwa kusema mlangoni hawakuwa serikali ya Mugabe. Jopo lilipima haki juu ya ardhi ambayo wenyewe walioishi humo kwanza hawakuwa chumbani, na hilo ndilo ninaloliogopea Kericho kuliko hesabu yoyote ya fidia.

Mfanyakazi naye, wala si mwenyeji wa ardhi peke yake, hana mlango huo. Waliovamiwa katika shamba la Unilever huko Kericho wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007 walikwenda London kuishitaki kampuni mama, na Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema haikuwa na wajibu kwao. Wachumaji wa James Finlay wanaodai kuumia migongo walikwenda Scotland. Mwaka 2023 mahakama huko ikasimamisha shauri ili njia ya fidia ya Kenya ijaribiwe kwanza. Mwaka huohuo mashine za kuchumia chai ziliteketezwa Kericho na watu wenye hasira ya kupoteza ajira, na mtu akafa. Serikali ikitaka kuwekea mashine hizo masharti, sheria ya kimataifa haiizuii: jopo lililoamua kesi ya Philip Morris na Uruguay mwaka 2016 lilikubali kwamba kanuni ya kweli ya manufaa ya umma, isiyo na ubaguzi, si utaifishaji.

Wakati haya yakiendelea, wenye mashamba wamebadilika. Unilever iliyomeza Brooke Bond mwaka 1984 iliuza biashara yake ya chai kwa mfuko wa CVC mwaka 2022, nao ukauza mashamba ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka mwaka 2024. Browns ndiyo iliyonunua pia mashamba ya James Finlay mwaka 2023, katika makubaliano yaliyotangazwa kutenga asilimia 15 ya hisa kwa jamii kupitia ushirika. Asilimia hiyo ni hatua, na niseme wazi kwamba ni zaidi ya ambacho karibu karne nzima iliyotangulia ilileta. Haikutokana na hukumu yoyote, bali na mauzo. Na mali inapohama hivyo, mkataba unaoilinda nao unaweza kubadilika, huku dai la Mkipsigis likibaki palepale dhidi ya mmiliki mpya ambaye hakuwepo 1919.

Kenya inaendelea kujadili mikataba mipya ya biashara na uwekezaji, na Itifaki ya Uwekezaji ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilipitishwa Februari 2023. New Zealand, tangu makubaliano yake na Singapore ya 2001, huweka katika mikataba yake ya biashara kifungu kinachosema kwamba hatua inazochukua kwa ajili ya Wamaori, ikiwemo kutimiza Mkataba wa Waitangi wa 1840, hazitahesabiwa kuwa uvunjaji, ilimradi zisiwe kisingizio cha ubaguzi. Nayo haijakosa wawekezaji. Kifungu cha namna hiyo kwa Kenya kingetaja maamuzi yanayotolewa chini ya sheria ya dhuluma za kihistoria za ardhi, na tarehe yake ya kuanzia tunayo tayari katika vitabu vyetu: 15 Juni 1895.