Kasubi: nyumba ya makabaka iliyokataa kuwa majivu

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto ulizuka juu ya kilima cha Kasubi, Kampala. Nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu-Azaala-Mpanga, walimozikwa makabaka (yaani wafalme) wanne wa Buganda, iliteketea huku watu wakitazama bila uwezo. Rais Museveni alipofika kesho yake, waombolezaji walijaribu kumzuia asiingie, askari wakafyatua risasi, na watu wakapoteza maisha. Chanzo cha moto ule hakijaelezwa mpaka leo kwa namna iliyowaridhisha watu wa Buganda.

Sisi wa Goma tunajua mahali patakatifu panavyoungua. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikalichoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na kufika mpaka ziwani. Ndiyo maana habari ya Kasubi inatuhusu zaidi ya tunavyodhani, hasa habari ya jinsi walivyojenga upya.

Kilima kile kilikuwa ikulu kwanza. Muteesa wa Kwanza, kabaka aliyempokea John Hanning Speke mwaka 1862 na Henry Morton Stanley mwaka 1875, alijenga nyumba yake hapo mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Kabla yake kila kabaka alikuwa na kaburi lake peke yake, na taya lake lilitenganishwa na mwili likahifadhiwa katika nyumba maalumu. Mwili wa Muteesa ulizikwa ukiwa kamili, na waliomfuata wakaletwa kwake, mmoja baada ya mwingine, chini ya paa moja.

Wawili kati yao walirudi nyumbani wakiwa maiti. Mwanga wa Pili, mwana wa Muteesa, alipigana na Waingereza, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Alifia huko mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa Kasubi mwaka 1910. Daudi Chwa, aliyetawazwa akiwa bado mtoto mchanga, alifariki mwaka 1939. Mwanawe, Muteesa wa Pili, alikuwa kabaka na pia rais wa kwanza wa Uganda huru. Mwezi Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, aliyekuwa waziri mkuu wake, yakiongozwa na Idi Amin, yalishambulia ikulu yake ya Mengo. Kabaka alitoroka, akaishi London, akafia huko mwaka 1969. Amin yule yule, alipotwaa madaraka mwaka 1971, aliagiza mwili urudishwe, na mazishi yakafanyika Kasubi. Wakati huo ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha kufutwa kisheria tangu 1967, na haukurudi hadi 1993. Katika miaka hiyo 26 Buganda haikuwa na kabaka kwenye kiti, lakini Kasubi haikukosa watunzaji.

Watunzaji hao ndio kiini cha habari hii. Nyumba ilikuwa na upana wa mita 31 hivi, na paa lake la nyasi lilishuka karibu kugusa ardhi. Ndani, dari ilishikiliwa na pete 52 za matete yaliyofungwa, kila pete ikisimama kwa ukoo mmoja wa Buganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kupanda paani. Kupamba ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Wanawake wa nyumba ya kifalme hukaa kwenye nyumba zinazozunguka ua na kuhudumia makaburi kwa zamu. Nyuma kabisa limetundikwa pazia la kitambaa cha magome, na nyuma ya pazia ni Kibira, walikolala makabaka wenyewe. Mgeni haingii huko.

Kitambaa hicho hutolewa kwenye mti wa mutuba. Fundi hubandua gome, hulichemsha, kisha hulipiga kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kupanuka, na mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Mti ule ule huvunwa mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo kujenga upya hakungekuwa suala la kutafuta mkandarasi na saruji. Waezekaji wa Ngeye walikuwa wamezeeka, na ilibidi vijana wa ukoo wafundishwe kwanza. Japani ilisaidia kwa fedha kupitia UNESCO, zikiwemo za vifaa vya kuzuia moto. Kazi ikachukua zaidi ya miaka kumi, na wengi walinung'unika kwamba inachelewa. Mimi naona walifanya vyema kuchelewa, maana kwingine mambo yalikwenda kinyume. Mandalay, mji wa kifalme wa Burma uliojengwa na Mfalme Mindon mwaka 1857, ulipoteza ikulu yake ya mbao za msaji kwa moto wa vita mwezi Machi 1945, vita vile vile vilivyowapeleka Burma askari wa Afrika Mashariki na wauguzi wa Kongo. Ilipojengwa tena kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ilisimamishwa kwa zege na paa za bati. Kwa mbali inapendeza, lakini mikono iliyojua kuchonga ikulu ile haikurithishwa. Kasubi walichagua kurithisha mikono kwanza.

UNESCO iliyaweka makaburi ya Kasubi kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikayahamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010, na mwezi Septemba 2023 ikayatoa kwenye orodha hiyo ya hatari.

Wafanyabiashara wetu huenda Kampala kila mara, hununua nguo na vipuri, hulala usiku mmoja na kugeuza. Ndugu msomaji, ukifika huko tena, tenga nusu siku. Kilima kiko kilomita chache tu kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji, na mwenye bodaboda yeyote anakijua. Mama avae sketi ndefu au ajifunge kitenge, kila mtu avue viatu mlangoni, na umuulize mwenyeji wako ukoo wake una kazi gani katika nyumba ile.