NGUO ALIYOPEWA UMMU SALIT



Katika zama za ukhalifa wake, Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) aligawa nguo za kujitandia kwa wanawake wa Madina. Ikabaki moja, nzuri. Waliokuwa karibu naye wakamshauri ampe mjukuu wa Mtume (s.a.w.) aliye nyumbani kwake, wakimkusudia mkewe, Ummu Kulthum binti Ali. Umar akakataa. Akasema Ummu Salit ana haki zaidi ya nguo ile. Huyu alikuwa mama wa Kiansari, katika wale waliompa Mtume (s.a.w.) kiapo cha utii, na sababu aliyoitaja Umar ni kwamba siku ya Uhud alikuwa akiwabebea viriba vya maji. (Kisa kimo katika Bukhari, na Imam mwenyewe amefasiri kwamba alikuwa akivishona viriba hivyo. Vyovyote iwavyo ni kazi ya viriba, si ya upanga.)

Hebu tulia hapo kidogo. Uhud ilikuwa mwaka wa 3 Hijria. Umar alishika ukhalifa mwaka wa 13. Miaka kumi au zaidi imepita, dola imepanuka, mambo ni mengi, na khalifa bado anakumbuka nani alishughulika na maji siku ile. Na mtu aliyetokwa na damu nyingi, ndugu yangu, kitu cha kwanza anacholilia ni maji.

Sisi masheikh tukipanda mimbari kuzungumzia vita vya Mtume (s.a.w.), tunapenda sana panga. Tutamtaja Hamza, tutamtaja Ali, tutamtaja Khalid, Allah awawie radhi. Lakini waliowafunga majeraha hatuwataji, wakati majina yao yamo vitabuni.

Siku hiyo hiyo ya Uhud waliuawa Waislamu 70, na Mtume mwenyewe (s.a.w.) alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Aliyemtibu ni binti yake Fatma (r.a.). Ali alikuwa akimimina maji kwa ngao na Fatma anaosha. Alipoona maji yanazidisha damu, alichukua kipande cha mkeka, akakichoma, akalibandika jivu juu ya jeraha na damu ikasimama. Hapakuwa na bandeji wala dawa ya duka. Palikuwa na mkeka na mtu aliyejua la kufanya bila kupoteza akili.

Ar-Rubayyi' binti Muawwidh, ambaye baba yake aliuawa Badr, amesimulia kwamba walikuwa wakitoka na Mtume (s.a.w.), wakiwanywesha watu maji, wakiwahudumia, na kuwarudisha majeruhi na waliouawa Madina. Ummu Atiyya alitoka katika vita saba. Alibaki nyuma kambini akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa. Vita saba! Wangapi kati yetu tunamjua kwa hilo?

Kisha Khandaq, mwaka wa 5. Saad bin Muadh (r.a.), mkubwa wa Aus, alipigwa mshale kwenye mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) akaamuru apelekwe kwenye hema la Rufayda Al-Aslamiyya, ndani ya msikiti wake, ili awe karibu kumtazama. Rufayda, kama alivyoeleza Ibn Ishaq, alikuwa akitibu majeruhi na kujitolea kwa wale wasio na mtu wa kuwahudumia. Asubuhi na jioni Mtume (s.a.w.) akipita kumjulia hali Saad. Na Saad hakupona. Jeraha lilipasuka, akafa. Nalisema hili makusudi, maana kuna watu humheshimu muuguzi pale tu mgonjwa anapoinuka. Rufayda hakupungukiwa kitu kwa kifo cha Saad.

Khaybar, mwaka wa 7, walikuja wanawake wa Bani Ghifar wakiomba kutoka na jeshi ili watibu majeruhi, na Mtume (s.a.w.) akawaruhusu. Mmoja alikuwa msichana mdogo bado. Baada ya ushindi aliwapa katika ngawira, na yule msichana akamvisha kidani kwa mkono wake mwenyewe. Hakukivua maisha yake yote, na aliusia azikwe nacho. Wanazuoni wamekhitalifiana kama wanawake hawa walistahili fungu kamili. Al-Awzai aliona wapewe fungu, na wengi wakashika jawabu la Ibn Abbas kwamba walipewa kitu bila fungu maalumu. Lakini kwamba walipewa, hilo halina mjadala.

Sasa tuje kwetu, maana tuna deni la aina hii hii. Katika vita vya 1914 hadi 1918, majeshi ya Wazungu yalipopigana Afrika Mashariki, walioyabeba ni wapagazi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, limetokana na kikosi chao. Baadhi yao walikuwa wabeba machela, waliowatoa majeruhi porini kwa miguu, wakiwa wenyewe na njaa, malaria na kuhara damu. Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake inatajwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi. Humo bila shaka walikuwamo Waislamu. Ujira wa maelfu yao haukulipwa hata baada ya vita. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Umar alimjua Ummu Salit kwa jina. Wa kwetu hata majina hayakuhifadhiwa.

Basi mwenye kumjua babu aliyebeba machela, au baba au mama aliyekuwa muuguzi wa jeshi katika vita vyovyote, aandike jina lake hapo chini, na la baba yake. Ijumaa hii baada ya swala nitayasoma yote katika dua, inshaallah. Walio hai tajeni pia, tuwatembelee.