Kabla ya Kwenda Kuwaona Sokwe

Vijana wa parokia yetu hapa Kolwezi wametuletea shauri. Wanataka kuweka fedha kidogo kidogo, kisha wafunge safari kwenda kuwaona sokwe katika msitu wao wenyewe, si katika picha. Wametuuliza: twende wapi, tupite njia gani, tujitayarishe namna gani?

Tuliona ni shauri jema. Lakini kabla ya kuhesabu fedha na siku, tuliwaomba wakae chini tuwasimulie habari za zamani. Maana watu wengi wametutangulia kwenda kuwatafuta sokwe. Wengine walikwenda na mikuki na kamba, wengine na daftari na saburi. Atakaye kusafiri vizuri lazima ajue anafuata nyayo za nani.

Mto wetu

Sisi wa Kolwezi twaujua mto Lualaba hasa pale Nzilo, ulipozibwa kwa ukuta mkubwa katika miaka ya 1950 ili utoe umeme kwa migodi. Chimbuko lake halipo mbali nasi, ni huko juu karibu na mpaka wa Zambia. Kutoka hapo washuka kwenda kaskazini, wapita Bukama, Kongolo, Nyangwe na Kindu, hata Kisangani. Huku kwetu kwenye miti ya miombo, nyika na mashimo ya shaba hakuna sokwe. Lakini ukiufuata mto huu mbali kaskazini, utafika katika misitu mikubwa, na hapo utaona jambo la ajabu. Upande wa kuume wa mto, kuelekea ziwa Tanganyika, wanakaa sokwe. Upande wa kushoto wanakaa ndugu zao, bonobo, wenye mwili mwembamba kidogo na uso mweusi. Mto umewatenga tangu zamani mno, wala hawakutani.

Wataalamu wenyewe walichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka 1929 Mjerumani Ernst Schwarz alichunguza fuvu moja katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akaona si la sokwe wa kawaida. Mwaka 1933 Mmarekani Harold Coolidge alithibitisha ya kuwa bonobo ni jamii ya peke yake. Basi mto unaotupatia umeme ndio mpaka kati ya jamii mbili za viumbe vya Mungu.

Soko wa Manyema

Mmoja wa wageni wa kwanza kuandika habari za sokwe wa nchi hizi alikuwa Daktari Livingstone, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Skotlandi. Alikuja Manyema akiutafuta mto Lualaba, akidhani ndio mwanzo wa mto Nili. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimweka kitako miezi mingi huko Bambarre, mahali tunapopaita leo Kabambare. Hapo aliandika habari za mnyama aliyeitwa na wenyeji "soko". Yeye alidhani ni gorila. Leo twajua alikuwa sokwe. Aliandika kwamba watu wengine wa Manyema waliamini wafu wao hurudi katika sura ya soko, na kwamba wengine walimhesabu kuwa kama mtu asiye na ubaya. Hata hivyo walimwinda. Mwezi wa Agosti 1870 aliandika habari za soko wanne waliofukuzwa katika maficho yao na moto wa nyika, wakatokea uwandani, wakachomwa mikuki.

Baadaye mfanyabiashara mmoja alimpa Livingstone soko mdogo wa kike, ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Mzee yule aliandika kwamba mtoto huyo alinyosha mkono ili abebwe, na akinyimwa alikunja uso kama mtoto wa mtu anayelia.

Mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe, penye soko kubwa la akina mama kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi wale akina mama, mamia wakafa, wengi wakizama mtoni. Habari hizo, pamoja na zile za Wapadri Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879, ziliwafanya watu wengi wa Ulaya wachukie biashara ya utumwa, na mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alianza kuzunguka Ulaya akiihubiri vita dhidi yake.

Hatusemi ya kwamba mtu na sokwe ni sawa. Hapana. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na damu yake haina kipimo. Lakini angalieni njia yenyewe. Moyo uliozoea kuua mama ili kumpata mtoto, ukizoea kwa mnyama au kwa mtu, ni moyo ule ule mgumu.

Kosa letu

Hapa yatupasa kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, mahali pamoja pa kuuzia pombe hapa mjini, palifungwa sokwe mdogo kwa kamba kiunoni. Watu walimpa soda na sigara wapate kucheka. Siku moja, baada ya mafundisho ya watoto, tulipita pale. Watoto wakaomba, nasi tukatoa fedha ili waruhusiwe kumkaribia. Tulidhani ni furaha ndogo isiyo na dhambi. Juma la tatu hakuwapo tena, na hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Baadaye tulijifunza ya kwamba mama sokwe huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka mitano hivi, na kwamba hamwachi mtoto wake akamatwe akiwa yeye hai. Basi kila mtoto anayeuzwa sokoni nyuma yake yupo mama aliyeuawa, na mara nyingi wengine waliokuja kumtetea. Sheria za nchi yetu zakataza kabisa kumkamata au kumwuza sokwe. Lakini mwuzaji huuza kwa kuwa yupo anunuaye, na anunuaye hununua kwa kuwa wapo watakaolipa kutazama. Walipaji tulikuwa sisi.

Njia nyingine

Sasa tuwaambie habari za mwingine. Tarehe 14 Julai 1960, msichana Mwingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alishuka kutoka mashuani huko Gombe, kaskazini ya Kigoma, pamoja na mama yake. Hakuwa na bunduki wala mtego. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia. Yeye alipanda mlimani kila alfajiri, akakaa kimya, akangoja. Kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe mmoja akichukua ujani, akiutia katika kichuguu na kula mchwa waliong'ang'ania. Kabla ya hapo wataalamu walisema ni mtu peke yake afanyaye vyombo. Saburi ya msichana mmoja iliwafanya wafikiri tena. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, mwenye umri wa miaka 91, na kazi ya Gombe yaendelea.

Lakini hata saburi ina makosa yake. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia kati ya sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki vilema. Goodall na wenzake waliwapa dawa ya chanjo ndani ya ndizi. Tangu hapo imejulikana vema ya kuwa maradhi yetu huwashika. Hata mafua yetu madogo yaweza kuwaua.

Safari yenyewe

Basi, vijana wetu, shauri letu ni hili. Gawanyeni safari katika vituo vitatu.

Cha kwanza ni Lubumbashi, kama km. 300 kutoka hapa. Pale kuna makao ya J.A.C.K., yaliyoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau ili kuwalea sokwe wadogo walionyang'anywa wauzaji. Kazi yao ina hatari: mwezi wa Septemba 2022 wezi waliiba watoto watatu wa sokwe wakadai fedha za kuwakomboa. Andikeni kwanza mkaulize kama wageni wanapokewa.

Cha pili ni Chimfunshi, Zambia. Mkivuka mpaka Kasumbalesa, mwafika Chingola, kisha mwashika njia ya magharibi. David na Sheila Siddle walianza pale mwaka 1983 kwa kumpokea sokwe mmoja mgonjwa aliyetolewa kwa magendo katika nchi yetu. Sasa wapo zaidi ya mia, katika mazizi mapana yenye miti.

Cha tatu ndicho msitu wenyewe. Rudini katika barabara ya malori ya shaba hata Tunduma, kisha mpite Sumbawanga na Mpanda mpaka Kigoma. Toka Kigoma mashua zaenda Gombe kwa kaskazini, au Mahale kwa kusini, ambako Wajapani wamewachunguza sokwe tangu mwaka 1965. Mahale inakaribia kuelekeana na Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Katika hifadhi hizi hakuna gari. Mwatembea kwa miguu na kiongozi. Mahale huruhusu watu sita tu kwa mara moja, kwa saa moja, wamefunika pua na mdomo. Mwezi wa Julai hata Oktoba, wakati wa kiangazi, ndio wa kufaa.

Chukueni pasi zenu na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwenye mafua abaki kambini, hata kama amelipa. Msile mbele ya sokwe, wala msiwatupie kitu. Mkitembea saa nyingi msiwaone, msimnung'unikie kiongozi, kwa kuwa yeye ameahidi kuwaonyesha msitu, si kumfunga mnyama kamba.

Asiye na nauli ya kufika Kigoma asihuzunike. Lubumbashi yatosha. Na asiye na nauli ya Lubumbashi anayo kazi hapa hapa Kolwezi: akiona sokwe mdogo amefungwa, asitoe hata senti moja, wala asinyamaze, bali awape habari watu wa ICCN.

Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu ili awape majina, wala hakuambiwa awauze. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha vivyo hivyo mwaka 2015 katika barua yake Laudato si'. Fedha tulizotoa siku ile pale penye pombe haziwezi kurudi. Lakini fedha za vijana hawa zinaweza kwenda kwa mlinzi wa msitu badala ya mwuaji wa mama. Ndiyo sababu, wasomaji wapenzi, tumeyaweka ya kwetu ya kwanza katika kisanduku chao.