Kuzidisha na Kuzidiwa

Arusha haijapungukiwa maneno ya ulevi. Bangi ya Kisimiri, huko mgongoni mwa Meru, ina msamiati wake, na mirungi vivyo hivyo. Heroini ilipanda huku ikiwa na maneno ya pwani: unga, kete, arosto.

Afyuni tuliipokea kwa Waarabu, nao kwa Wagiriki. Kasumba nayo ni afyuni ileile, ila siasa iliihamishia vichwani ikawa kasumba ya kikoloni. Wataalamu wanasema opioidi. Mimi ningesema dawa za jamii ya afyuni, ili heroini na tramado zionekane ni ukoo mmoja.

Sasa tufike bwenini, tuseme Njiro. Mwanachuo anakoroma, haamki, midomo imebadilika rangi. Mwenzake anapiga simu: "Amezidisha!" Kitenzi hicho kimeshahukumu, kuzidisha ni kosa la mwenye mkono. Wauguzi wetu wana neno bora tangu zamani: amezidiwa. Hapo dawa ndiyo mtendaji, na aliyelala ni mgonjwa wa kukimbiliwa. Basi tuseme kuzidiwa na dawa, na "overdozi" ipumzike.

Neno teja, kwa mtumiaji wa unga, linanikera. Mteja yumo katika ngeli ya watu. Ing'oe m yake, anaangukia kwenye majitu na majambazi. Na hospitali za leo, kwa kinaya, zinamwita kila mgonjwa mteja! Mraibu lina adabu zaidi. Uraibu ulikuwa tambuu ya kutafunwa barazani kabla ya kutwishwa mzigo huu.

Lililobaki ni jina la nalokisoni, dawa inayoiondoa heroini kwenye vipokezi vya ubongo ili pumzi irudi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iwafikie hata wasio wauguzi, yaani yeyote anayeweza kumkuta mtu amezidiwa. Jina lake basi liwe la kutamkika na mwenye hofu. Napendekeza kizinduo. Kuzindua ni kumtoa mtu katika usingizi au kuzimia, ingawa siku hizi kitenzi hicho tumewaachia wakata utepe. Tukirudishe kazini.

Ila kuzinduka si kupona. Kizinduo huweza kuisha nguvu ndani ya saa moja hivi, heroini ingali mwilini, na mtu akazidiwa upya. Mlezi wa bweni akiandika ripoti yake, aandike "amezinduka, amepelekwa Hospitali ya Mount Meru". Asiandike "yuko salama".