Ndia Panda

Kisa changu kinaanzia ndani ya matatu. Lilikuwa gari kuukuu lililoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani, likapakwa rangi mpya nje, lakini ndani, juu ya kiti cha dereva, kibandiko cha huko lilikotoka kikaachwa vile vile. Kila asubuhi nilikitazama mpaka nikaijua kwa moyo alama yake ya mwisho: 行. Siku moja nikamuuliza makanga ni nini ile. Akanijibu, "Hayo mapambo tu, ndugu yangu. Shuka, tushafika."

Si mapambo. Nilipopata kamusi nikaikuta: hapo inasomwa "yuki", na kazi yake ni kuonyesha gari liendako. Yaani gari lile lilikuwa bado linatangaza kwamba linakwenda mji fulani wa Japani, na sisi tumo ndani twaenda zetu Kongowea!

Lakini kamusi ile ile ikanichanganya. Chini ya alama hiyo moja mlikuwa na matamshi chungu nzima: iku, yuku, okonau, gyō, kō, an. Nikasema, hawa watu wamelogwa? Mchoro mmoja usemwe kwa vinywa sita kwa nini? Ilinichukua muda kufahamu kwamba jibu halimo katika sarufi. Limo katika historia.

Tuanze na mchoro wenyewe. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, Wachina wa enzi ya Shang walichora alama hii kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe waliyotumia kupigia ramli. Ilikuwa picha ya njia panda, barabara mbili zinazokatana, basi. Kutokana na njia ikapatikana maana ya kwenda, na kutokana na kwenda ikapatikana maana ya kutenda. Mswahili hana haja ya kushangaa, maana nasi kutokana na "kwenda" tumepata "mwenendo".

Wajapani walipoipokea walikuwa tayari na maneno yao. Kwenda waliita yuku au iku, kutenda wakaita okonau. Wakayavika maneno hayo alama ya kigeni. Hata hivyo hawakuitupa sauti ya Kichina iliyokuja nayo, na sauti hiyo haikuja mara moja. Hapa ndipo penye utamu.

Gyō ni ya tabaka la kale, linalohusishwa na kusini mwa China, na ambalo lilishikamana na dini ya Buddha iliyoingia Japani katika karne ya 6 kupitia ufalme wa Baekje huko Korea. Mpaka leo mazoezi magumu ya mtawa huitwa "shugyō". Kisha, kuanzia mwaka 630, watawala wa Japani wakawa wanatuma wajumbe kwa enzi ya Tang. Bahari ilikuwa ya hatari, merikebu nyingine hazikurudi. Waliofika Chang'an, mji mkuu, wakasikia alama ile ile ikisemwa vingine, wakarudi na sauti iliyokuja kuwa kō. Sasa fikiria msomi aliyetoka mji mkuu, anafika nyumbani anasikia watu bado wanasema ya zamani! Mwaka 792 ikatolewa amri ya mfalme kwamba wanafunzi wa vitabu vya Confucius wajifunze matamshi mapya, na mwaka uliofuata amri ikawagusa hata waliotaka kuwa watawa. Eh bwana, watawa hawakuyaacha. Hadi leo sehemu kubwa ya vitabu vitakatifu vya Kibuddha huko Japani husomwa kwa matamshi yale yale yaliyopigwa vita.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Nilikumbuka darasa la sita, insha ya safari. Niliandika "ndia", kama asemavyo nyanya yangu na majirani zake wote wa Mji wa Kale. Mwalimu akaipiga mstari mwekundu mara saba, halafu akaisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza. Watu wakacheka mpaka machozi. Sikujua wakati huo kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sikilaumu Kiunguja, ndicho ninachoandikia sasa. Ila nyanya hakuwa amekosea neno.

Turudi kwa Wajapani. Sauti ya tatu, an, ililetwa baadaye na watawa wa Zen na wafanyabiashara, Kichina chenyewe kikiwa kimekwisha kubadilika tena. Imebaki katika maneno machache tu. "Angya" ni matembezi ya mtawa anayekwenda kwa miguu kutoka hekalu moja hadi jingine. "Andon" ni taa ya karatasi, ambayo mwanzoni ilikuwa ya kubeba mkononi.

Kō nayo haikulala. Huko China alama hii humaanisha pia nyumba ya biashara. Japani ilipotunga sheria yake ya benki mwaka 1872, ikaunganishwa na alama ya fedha (ile ya madini, ingawa kwetu ni neno moja na pesa) ikawa "ginkō", yaani benki. Ya kwanza chini ya sheria hiyo ilifunguliwa Tokyo mwaka 1873, na Shibusawa Eiichi alikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Watoto wa Japani hujifunza alama hii darasa la pili. Katika orodha ya serikali ya mwaka 2010, yenye herufi 2,136 za matumizi ya kawaida, matamshi yake yote sita yamo: kō, gyō, an, iku, yuku, okonau. Hakuna lililopigwa mstari.

Gari lile sikuliona tena. Nasikia liliuzwa, likapelekwa kubeba watu kule Malindi.